Jiko la makaa chumbani: Sumu isiyonusika inayoua usingizini

INAPOWADIA miezi ya Juni hadi Agosti, baridi ya Nairobi huwalazimu wakazi wengi wa Eastlands kufunga madirisha mapema. Katika ploti za Kayole, Dandora, Huruma na Kariobangi, ambako si ajabu familia nzima kuishi katika chumba kimoja, jiko lililopikia chajio mlangoni huingizwa ndani ili joto lake lisipotee bure. Kitambaa husokomezwa chini ya mlango, watu wakalala. Hapo ndipo hatari huanza.

Makaa yasiyopata hewa ya kutosha hutoa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi, harufu wala ladha. Hewa inayoingilia chini ya jiko hukutana na makaa na kuzaa kaboni dayoksaidi. Nayo hiyo ikipenya katikati ya makaa mekundu hunyang'anywa sehemu ya oksijeni yake na kugeuka kaboni monoksaidi. Kwa sababu hiyo, desturi ya kuwashia jiko nje na kungoja moshi uishe kabla ya kuliingiza ndani haimkingi mtu. Moshi, angalau, huwasha macho na kumfukuza aliye chumbani. Gesi hii haimfukuzi yeyote.

Ikivutwa, hujishikiza kwenye himoglobini, ile sehemu ya damu inayobeba oksijeni, kwa nguvu inayozidi ya oksijeni kwa zaidi ya mara 200. Ubongo na moyo ndivyo huumia kwanza. Mtu huumwa na kichwa, akapata kizunguzungu, kichefuchefu na ulegevu wa viungo, mambo ambayo ni rahisi kudhaniwa kuwa malaria au mafua. Ishara ya kutiliwa maanani ni watu kadhaa wa nyumba moja kuugua kwa pamoja, kisha kupata nafuu wakitoka nje. Aliyelala hana bahati ya kuziona dalili hizo. Hutoka usingizini akaingia katika kupoteza fahamu. Mtoto aliye tumboni huwa hatarini hata mama mwenyewe anapoonekana mzima.

Wapo wanaoamini kwamba sufuria ya maji ikiwekwa kando ya jiko huinyonya sumu. Gesi hii haiyeyuki majini ila kwa kiasi kidogo mno, kwa hivyo maji hayo hayasaidii kitu. Jiko la kauri, lililoenea nchini tangu miaka ya 1980, hupunguza matumizi ya makaa lakini haliondoi sumu yake. Makaa ya vumbi yaliyofinyangwa nayo ni yale yale. Tena huwaka polepole usiku kucha.

Anayemkuta mwathiriwa afungue mlango na madirisha, amtoe nje upesi bila yeye mwenyewe kukawia ndani, kisha amfikishe hospitalini. Kumnywesha maziwa, kama ilivyozoeleka mtu akila sumu, hakufai: gesi imeingilia mapafuni wala si tumboni, na aliyezimia huweza kupaliwa. Tiba ni oksijeni. Katika hewa ya kawaida, nusu ya sumu hiyo huchukua saa nne hadi tano kutoka kwenye damu. Kwa oksijeni safi, muda huo hupungua hadi kama saa moja na nusu. Ni muhimu mhudumu aambiwe kwamba palikuwa na jiko, kwani kifaa cha kawaida kinachobanwa kidoleni hakitofautishi damu iliyobeba oksijeni na ile iliyobeba gesi hii, na huweza kuonyesha kwamba mgonjwa yu salama.

Kuwaambia watu waache makaa ni rahisi kwa asiyeyanunua kwa mkebe. Ushuru wa asilimia 16 uliporejeshwa kwa gesi ya kupikia mnamo Julai 2021, wengi waliokuwa na mitungi walilirudia jiko. Anayelazimika kulitumia na apikie nje au penye dirisha wazi, na jiko libaki nje usiku.

Kunusurika nako si mwisho wa mambo. Baadhi ya walionusurika hupoteza kumbukumbu au hubadilika tabia siku kadhaa, pengine wiki, baada ya kuonekana wamepona, na wanapaswa kurudishwa kwa daktari.