Fundi viatu wa Ireland na asili zetu zinazopotea

Wahenga walisema mwacha asili ni mtumwa. Leo tuzungumze juu ya mtu ambaye hakuiacha asili yake, bali imempotea.

Geita yetu ni mji wa wahamiaji. Mgodi wa enzi za Waingereza ulianza miaka ya 1930 ukafungwa mwaka 1966. Mgodi mkubwa wa sasa ulianza kuzalisha mwaka 2000. Wachimbaji wadogo nao wamemiminika kutoka kila pembe. Hapa Kalangalala ninakoishi, kijana ukimwuliza jina la babu yake atakutajia. Mwulize la baba wa babu, atacheka. Kule machimboni wengi hujulikana kwa majina ya utani tu. Kifusi kikimfunika mtu, wenzake hawajui msiba waupeleke kwa nani.

Sasa sikiliza kisa hiki. Mwaka 1850 kijana wa miaka 19, Falmouth Kearney, mtoto wa fundi viatu, aliondoka kijiji cha Moneygall, Ireland, akapanda meli kwenda Marekani. Kwao kulikuwa na njaa. Ugonjwa wa viazi ulioanza mwaka 1845 uliua watu wapatao milioni moja, na wengine zaidi ya milioni wakahama. Kearney akafika Ohio, kisha akalima Indiana. Binti yake, Mary Ann, akaolewa na bwana Dunham, na katika tawi hilo jina la Kearney likafutika.

Zaidi ya miaka 150 baadaye, Barack Obama akigombea urais, watafiti wa nasaba walifuata ukoo wa mama yake, Ann Dunham, wakamfikia Kearney, vizazi vitano nyuma. Mwaka 2007 mchungaji wa Kianglikana, Stephen Neill, akapekua vitabu vya zamani vya kanisa na kuikuta familia ile. Mei 2011 Rais Obama akatua Moneygall kusalimiana na ndugu zake wa mbali.

Angalia jambo hili: fundi viatu hakuwa mfalme. Alipatikana kwa sababu karani fulani aliandika jina lake, na wengine wakakitunza kitabu.

Upande wa baba yake, kule Kogelo, Kenya, Obama hakuhitaji kitabu. Katika kumbukumbu zake alizochapisha mwaka 1995, anasimulia jinsi bibi yake, Mama Sarah, alivyomhesabia mababu wa Kijaluo mmoja baada ya mwingine. Mama Sarah alifariki mwaka 2021. Maktaba ya namna hiyo hufungwa siku ya mazishi.

Nasi tuko wapi? Tumeondoka kwenye moto wa jioni ambako wazee walisimulia, na kitabu hatujafungua. Tena majina yetu hayasaidii sana. Jina la pili ni la baba, kwa hiyo kila kizazi hubadilika. Bila ukoo na kijiji, jina peke yake halimfikishi mtu mbali. Wengi pia huandika wanaume tu. Kumbuka kwamba uzi wa Kearney ulipita kwa Mary Ann, mwanamke.

Hasara yake si ya heshima tu. Vijana wawili wa ukoo mmoja wanaweza kukutana hapa mjini wakachumbiana bila kujua. Yatima anaweza kukosa shamba la babu yake kwa sababu hakuna wa kumtambua.

Basi nunua daftari. Andika jina la baba na la mama, ukoo wa kila mmoja, kijiji, mwaka waliohama na waliokuja nao. Kama wazee walibatizwa, nenda parokia ya zamani. Wamisionari wa Bukumbi, upande wa pili wa ziwa, walifika mwaka 1883, na misheni zilikuwa na desturi ya kuandika wabatizwa. Lakini anza na bibi aliyepo nyumbani. Parokia itakungoja, bibi hana muda huo.