Mbasa, Usipa na Vyungu: Uvuvi wa Ziwa Nyasa upande wa Nyanda za Juu Kusini

Nyanda za Juu Kusini hazina bahari, lakini pwani zinayo. Kwa Mbeya ni ufuo wa wilaya ya Kyela, kuanzia mdomo wa mto Songwe mpakani na Malawi hadi Matema na Ikombe. Iringa nayo ilifika ziwani kupitia Ludewa, mpaka mkoa wa Njombe ulipomegwa mwaka 2012. Ziwa Nyasa lina urefu wa takriban kilomita 560 na kina cha karibu mita 700, ila sehemu kubwa ya kina hicho haimfai mvuvi: chini ya mita 250 hivi maji hayana oksijeni, na samaki hawaishi humo. Tena Milima ya Livingstone inashuka karibu wima hadi majini, kwa hiyo ufuo wa maji mafupi ni mwembamba. Ndiyo maana uvuvi wa huku umetegemea sana midomo ya mito.

Mito yenyewe ni Kiwira, Mbaka na Lufilyo, inayoteremka kutoka milima ya Rungwe na jirani zake. Mbasa, samaki mrefu mwenye magamba ya rangi ya fedha, hukulia ziwani lakini masika yanapokolea hupanda mito hiyo kutaga mayai kwenye kokoto. Wanyakyusa, ambao kwanza ni watu wa migomba na ng'ombe, hawakuhitaji kumfuata mbali. Uzio wa matete ulikatiza mkondo, na kwenye mapengo yake ikategwa migono. Upepo wa kusi, unaochafua ziwa takriban Mei hadi Agosti, ulipunguza safari za mitumbwi bila amri ya mtu yeyote.

Wakisi waliishi kwa namna nyingine. Ukanda wao chini ya Milima ya Livingstone una ardhi haba ya kulima, hivyo wanaume walivua na wanawake wakafinyanga. Chungu cha Kikisi hufinyangwa kwa mkono bila gurudumu, hupakwa udongo mwekundu, kisha huchomwa kwenye moto wa wazi. Vyungu hupangwa ndani ya mitumbwi, vikapelekwa kwenye gulio la Jumamosi la Lyulilo, karibu na Matema. Zamani vilibadilishwa kwa nafaka, na samaki waliokaushwa walifuata njia ileile kupanda milimani. Ni vigumu kuusimulia uvuvi wa Wakisi bila ufinyanzi wao, kwani kaya moja iliishi kwa vyote viwili.

Wajerumani walipoingia, daktari Friedrich Fülleborn alikusanya samaki wa ziwa hili mwishoni mwa miaka ya 1890, na mmoja wao, mla mwani wa kwenye miamba, alipewa jina lake mwaka 1926. Wakati wa Waingereza mito baridi ya nyanda hizi, ikiwemo ya Mufindi, ilipandikizwa trauti, samaki wa kigeni wa kuvuliwa kwa ndoano kama mchezo. Chakula cha wenyeji kiliendelea kutoka ziwani.

Mabadiliko makubwa yalikuja na nyavu za nailoni, zilizochukua nafasi ya nyavu za nyuzi za mimea, na taa ya karabai. Usiku usio na mwezi taa huwavuta usipa, dagaa wa Nyasa, wakajaa kwenye wavu. Asubuhi huanikwa mchangani au kwenye chanja. Usipa hukua na kuzaa ndani ya takriban mwaka mmoja, ndiyo sababu huadimika msimu mmoja na kufurika unaofuata. Barabara ya Tanzania hadi Zambia na reli ya TAZARA, zote za miaka ya 1970, zilirahisisha kusafirisha magunia ya usipa kutoka Mbeya. Iringa ilipata chanzo chake cha karibu muongo huohuo: bwawa la Mtera, lililojengwa kwenye Ruaha Mkuu kwa ajili ya umeme, likawa pia ziwa la perege na kambale.

Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003 inakataza sumu na baruti, na vikundi vya ulinzi wa rasilimali za uvuvi, maarufu kama BMU, hushiriki kusimamia mialo. Kwa usipa, anayezaliana upesi, ulinzi wa aina hiyo unaweza kutosha. Mbasa hanufaiki sana nao. Nyavu zikiziba mdomo wa mto wakati wa mbasa kupanda, wazazi hukamatwa kabla ya kutaga. Na mashamba yanayolimwa hadi ukingoni huteremsha tope linalofunika kokoto. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inataka shughuli zinazoharibu ukingo zikae angalau mita 60 kutoka kwenye maji. Utekelezaji wake, hata hivyo, uko juu huko kwenye migomba na mashamba ya mahindi, mbali na mwalo ambako samaki huhesabiwa.