Uganda: Kayaki kuukuu zinavyopewa uhai mpya kwenye maporomoko ya Mto Nile

Kwenye maporomoko ya Mto Nile, mashariki mwa Kampala, mashua ndogo za plastiki zilizotumika kwa miaka mingi bado huingia majini kila siku, zikiwa na viraka vya rangi mbalimbali. Makala haya yanaeleza kwa nini wapiga kafi wa Uganda huzikarabati badala ya kununua mpya, namna ufa unavyozibwa, na ni wakati gani fundi mwaminifu hukataa kuushika ufa huo.

Mto uko karibu, mashua iko mbali

Kutoka Kampala hadi Jinja, mahali Mto Nile unapotoka katika Ziwa Victoria, ni takriban kilomita 80. Barabara hupita Mukono na Lugazi, hukata msitu wa Mabira, kisha huvuka mto kwa daraja jipya lililofunguliwa mwaka 2018. Hapo maji ni ya uvuguvugu, na kwa kuwa ziwa lenyewe ndilo hifadhi yake, mto haukauki msimu wowote. Kwa wastani takriban mita za ujazo 1,000 hupita kila sekunde. Ndiyo maana wapenzi wa michezo ya maji ya kasi husafiri kutoka mabara mengine kuja kupiga kafi huko.

Chombo chao ni kayaki: mashua nyembamba iliyofunikwa juu, ambamo mtu huketi amenyoosha miguu mbele. Kiunoni hufunga kitambaa kinachobana mdomo wa mashua ili maji yasiingie, na mkononi hushika kafi yenye bapa pande zote mbili. Mawimbi yakimpindua, hujigeuza na kuinuka tena bila kutoka ndani. Kayaki si mtumbwi wa mvuvi wa Ggaba au Port Bell, na fundi wa mitumbwi ya mbao hawezi kuichonga.

Kayaki za namna hii hutengenezwa zaidi Ulaya na Marekani. Mpya huuzwa huko kwa zaidi ya euro 1,000, kabla ya kulipia meli hadi Mombasa na lori la kuipeleka Kampala, safari ya barabara inayozidi kilomita 1,100. Wastani wa pato la mtu mmoja nchini Uganda kwa mwaka ni takriban dola 1,000. Kwa hiyo kijana aliyezaliwa kando ya mto huo, anayeyajua mawe yake yote, huenda asimudu bei ya chombo cha kumvusha.

Pengo hilo huzibwa na kayaki za mtumba. Baadhi ya wageni huja na mashua zao ndani ya ndege, na wanapoondoka huziuza kwa bei nafuu au huziacha. Kampuni za utalii nazo huuza zilizochakaa. Mashua hizo hufika mikononi mwa wenyeji zikiwa zimekwisha kugonga mawe mengi, na kuanzia hapo maisha yake hutegemea ukarabati.

Si mchezo tu, ni kazi

Utalii wa kushuka maporomoko kwa maboya makubwa ya mpira ulianza Jinja katikati ya miaka ya 1990. Pamoja na kila msafara wa maboya huenda wapiga kafi walio ndani ya kayaki. Kazi yao ni kuwafuata watalii wanaotupwa majini, kuwapa sehemu ya mashua waishike, na kuwaburuta hadi kwenye boya au ukingoni. Wengine hufundisha wanaoanza, na wengine hupiga picha za safari.

Kwa watu hao, kayaki ni kama pikipiki kwa mwendesha bodaboda wa Kampala. Ikiharibika, siku hiyo hakuna ujira. Na ikiingiza maji katikati ya poromoko, huwa nzito, haigeuki upesi, na mwokoaji mwenyewe huanza kuhitaji kuokolewa. Kwa sababu hiyo ukarabati mbovu ni hatari kuliko kutokarabati kabisa, na ufundi wake una kanuni ambazo hazina budi kufuatwa.

Plastiki isiyokubali gundi

Kabla ya miaka ya 1970, kayaki nyingi za maji ya kasi zilijengwa kwa nyuzi za kioo na utomvu wa viwandani. Zilikuwa nyepesi, lakini zilipogonga jiwe zilipasuka kama chungu. Baadaye viwanda vilianza kutumia polithini ngumu, iliyo ya ukoo mmoja na plastiki ya madumu ya maji. Unga wake hutiwa ndani ya kalibu, kalibu hutiwa motoni huku ikizungushwa, na unga huyeyuka na kuganda kwenye kuta zake. Mashua inayotokea haina kiungo. Ikigonga jiwe hubonyea, kisha hurudi katika umbo lake.

Sifa hiyo njema ina upande wake mgumu. Uso wa polithini ni mtelezo kiasi kwamba gundi za kawaida hazipati pa kushika, na kiraka kilichobandikwa kwa gundi ya dukani hubanduka baada ya safari chache. Utepe wa lami unaotumiwa kuziba mapaa huweza kumfikisha mtu nyumbani, lakini hiyo ni huduma ya kwanza tu. Tiba yake ni kuyeyusha: plastiki ya mashua na plastiki ya kiraka ziwe kimiminika kwa wakati mmoja, zichanganyike, kisha zigande pamoja.

Maarifa haya si mageni Afrika Mashariki. Katika miji na vijiji vingi wapo mafundi wanaoziba mabeseni na madumu kwa kipande cha chuma kilichopashwa moto kwenye makaa. Kayaki hudai mkono uleule, ila kwa uangalifu zaidi, kwa sababu beseni likivuja hakuna anayezama.

Hatua za kuziba ufa

Kwanza mashua huoshwa na kukaushwa kabisa, kwani tope na unyevu huzuia plastiki isishikane. Kisha fundi huchunguza aina ya plastiki kwa kugusisha chuma cha moto kwenye kipande kidogo alichokikwangua mahali pasipo na madhara. Ikiyeyuka laini kama nta, inafaa. Zipo kayaki za zamani ambazo chembe zake zimefungamanishwa kiwandani. Hizo haziyeyuki tena, huungua tu, na ufa wake hauzibiki kwa njia hii.

Pili, kwenye kila ncha ya ufa hutobolewa tundu dogo la mviringo kwa keekee. Ncha kali ya ufa hukusanya nguvu yote ya msukumo mahali pamoja, na ndiyo maana ufa hutambaa. Tundu huisambaza nguvu hiyo na kuusimamisha. Anayeruka hatua hii hukuta baada ya wiki chache kwamba kiraka kizima, lakini ufa umechomoza upande wa pili.

Tatu, kingo za ufa huchongwa kwa kisu ziwe kama mfereji mwembamba, ili kiraka kiingie ndani badala ya kukaa juu. Mfereji huo hujazwa kwa ukanda wa plastiki ya aina ileile. Chanzo bora cha ukanda huo ni kayaki nyingine iliyokwisha kufa, na hapo ndipo zinapotoka rangi mchanganyiko: mashua ya bluu yenye kovu jekundu, nyingine ya manjano yenye kovu la kijani.

Nne ni moto. Polithini ya namna hii huyeyuka kwenye joto la karibu nyuzi 130 za Selsiasi. Chuma kikiwa na joto kidogo, ukanda hulainika lakini mashua haiyeyuki, na kiraka hutoka kama gamba. Kikizidi, plastiki hutoa moshi na kubadilika rangi, dalili kwamba imeungua na imepoteza nguvu. Kazi hii hufanywa nje penye upepo, kwa kuwa moshi wake unadhuru mapafu.

Mwisho, kiraka huachwa kipoe chenyewe, bila kumwagiwa maji, kisha husawazishwa kwa msasa. Kukijaribu ni rahisi: maji humiminwa ndani ya mashua iliyoinuliwa juu ya vigogo, na fundi hutazama chini kama kuna tone. Pakiwa pakavu, mashua hupelekwa kwanza kwenye maji tulivu, na kama hakuna kasoro hurudi kwenye mawimbi.

Matengenezo mengine hayahitaji moto. Mashua iliyobonyea hulazwa juani au humwagiwa maji ya moto, kisha husukumwa kutoka ndani hadi irudie umbo lake. Kamba za kushikia, skrubu za kiti na mikanda ya mgongo hubadilishwa kwa vifaa vinavyopatikana katika masoko na karakana za Kampala, ambako mafundi wa Katwe wamejijengea jina kwa kuunda na kufufua vyuma vya kila namna.

La kuvunda halina ubani

Adui mkubwa wa kayaki nchini Uganda huenda si jiwe bali jua. Nchi iko kwenye ikweta, na miali ya jua huvunja polepole chembe za polithini. Rangi hufifia, uso hutoa vumbi kama chokaa, na plastiki iliyokuwa ikibonyea sasa hukatika. Mashua iliyofikia hapo ikizibwa ufa mmoja hupasuka pembeni yake, kwa sababu moto wa fundi haurudishi ujana wa plastiki. Kuhifadhi kayaki kivulini hakugharimu chochote, nako huongeza miaka mingi kuliko kiraka chochote.

Dalili nyingine za kukataa ni sakafu iliyolika chini ya kiti hadi ikabonyea kwa kidole gumba, ufa uliokata mashua kutoka ubavu hadi ubavu, na mdomo uliopasuka mahali kitambaa cha kiunoni kinapobana. Mashua ya namna hiyo huweza kumfaa mwanafunzi kwenye maji tulivu ya ziwa. Kuipeleka Itanda, miongoni mwa maporomoko makali zaidi ya mto huo, ni kuhatarisha roho.

Hata hivyo haitupwi yote. Kiti, mikanda na skrubu huhamia kwenye mashua nyingine, na mwili wake hukatwa kuwa kanda za viraka. Hili lina maana kwa mji wa Kampala, ambao mwezi Agosti mwaka 2024 uliomboleza baada ya jaa la taka la Kiteezi kuporomoka na kuua zaidi ya watu 30. Kayaki chache si kitu mbele ya mlima ule, lakini plastiki haiozi, na kila inayobaki kazini ni moja isiyokwenda jaani.

Ufundi wenye mizizi

Kutunza chombo kwa kukishona na kukiziba ni jadi ya maji haya. Mitumbwi mikubwa ya Buganda na visiwa vya Ssese ilijengwa kwa mbao zilizoshonwa kwa nyuzi za mimea, na ilidai kuzibwa na kukazwa mara kwa mara. Pwani ya Waswahili nayo ilikuwa na mtepe, jahazi lililoshonwa kwa kamba za mnazi bila msumari, na hadi leo kukalafati mashua ni kazi yenye mafundi wake huko Lamu na Zanzibar.

Jadi hiyo imekwisha kukutana na plastiki. Mwaka 2018 mafundi wa Lamu walizindua Flipflopi, jahazi lililojengwa kwa taka za plastiki na kufunikwa kwa ndara kuukuu. Mwaka 2021 lilisafiri katika Ziwa Victoria na kutembelea Kenya, Uganda na Tanzania. Lilionyesha kwamba fundi anayeujua ubao anaweza kujifunza tabia za plastiki.

Poromoko halina kiraka

Lipo jambo moja ambalo chuma cha moto hakiwezi kulitengeneza. Bwawa la Owen Falls, lililozinduliwa mwaka 1954 na leo huitwa Nalubaale, lilifunika maporomoko ya Ripon. Bwawa la Bujagali lenye uwezo wa megawati 250, lililozinduliwa mwaka 2012, lilifunika maporomoko ya Bujagali yaliyokuwa yakivuta watalii wengi. Mwaka 2019 ukafuata mradi wa Isimba wa megawati 183, na sehemu nyingine ya maji ya kasi ikageuka kuwa ziwa tulivu. Uganda ilihitaji umeme, na haja hiyo haibishaniki. Lakini kila mara safari za watalii zilifupishwa au kuhamishiwa mbele zaidi ya mto, na waliokuwa wakila kwa kafi wakahama nazo. Kalagala na Itanda yamebaki, baada ya serikali kuafikiana na Benki ya Dunia kwamba eneo la Kalagala litahifadhiwa kama fidia ya Bujagali.

Wapiga kafi wa Jinja wanaishi kati ya mambo hayo mawili. Mashua wanaweza kuitunza wao wenyewe, kwa kisu, keekee, chuma cha moto na kivuli, na wakifanya hivyo vizuri mchezo huu utaendelea kuwa wa wenyeji na si wa wageni peke yao. Maji yaliyobaki kati ya bwawa na bwawa, hayo yanategemea ahadi iliyotiwa saini na wengine.