Kusahau Si Uzembe: Historia ya Sigara, Virusi na Ubongo

Leo nitakusimulia historia. Huenda ukajiuliza, historia inatuhusu nini sisi tunaouguza watu nyumbani? Nipe dakika chache nawe utaona.

Pengine kwako kuna mtu anayeishi na virusi vya UKIMWI: mume, dada, kijana wako, au ni wewe mwenyewe. Dawa anameza, mwili umerudi, kazi anafanya. Lakini siku hizi anasahau. Hajui kama dawa ya jioni amemeza au bado. Unamtuma vitu vitatu dukani, anarudi na kimoja. Anaacha sufuria motoni na kwenda zake. Watu wa nyumbani wanasema amekuwa mzembe, wengine wanasema amerogwa. Na mkononi mwake, asubuhi na jioni, kuna sigara.

Virusi na sigara vina historia mbili tofauti, lakini historia hizo hukutana ndani ya ubongo.

Tuanze na sigara, maana ndiyo ya zamani. Tumbaku ilitoka bara la Amerika, ikasambazwa duniani na mabaharia wa Ulaya baada ya mwaka wa 1492. Huku kwetu wazee walinusa ugoro na kuvuta kiko. Baadaye viwanda vikaleta sigara ya karatasi, iliyo rahisi kubeba na rahisi kuwasha. Kwa miaka mingi watu hawakuiogopa. Hata madaktari walivuta.

Mwaka wa 1950, Richard Doll na Austin Bradford Hill wa Uingereza walichapisha uchunguzi wao kuhusu wagonjwa wa hospitali, wakaonyesha kwamba saratani ya mapafu inafuatana na uvutaji wa sigara. Mwaka wa 1951 wakaanza kuwafuatilia madaktari wa nchi yao, wanaovuta na wasiovuta. Hesabu ya miaka 50 ilipotolewa mwaka wa 2004, ilionekana kwamba waliovuta maisha yao yote walikufa mapema kwa karibu miaka 10.

Mwaka huohuo wa 2004, Kenya iliridhia mkataba wa Shirika la Afya Duniani wa kudhibiti tumbaku. Sheria yetu ya Kudhibiti Tumbaku ikapitishwa mwaka wa 2007. Ilikataza kuvuta mahali pa umma, kuwauzia sigara walio chini ya miaka 18, na hata kuuza sigara moja moja. Wewe na mimi tunajua bado zinauzwa moja moja kwenye vibanda.

Sasa tuje kwa virusi. Wagonjwa wa kwanza waliripotiwa Marekani mwaka wa 1981. Hapa Kenya, mgonjwa wa kwanza alitambuliwa mwaka wa 1984. Tulichoona kwanza ni kukonda, kuhara na kikohozi kisichoisha. Wengine waliita chira, wengine wakasema ni uchawi. Wachache walitazama kichwa. Lakini mwaka wa 1985 watafiti walivipata virusi ndani ya ubongo na katika maji ya uti wa mgongo. Mwaka wa 1986 madaktari wa New York walieleza hali waliyoiona kwa wagonjwa wao: kusahau, kufikiri polepole, miguu kukosa nguvu, na mtu kujitenga na wenzake. Kumbe hawakuwa wazembe wala hawakurogwa. Ubongo wao ulikuwa mgonjwa.

Virusi hufikaje huko? Huingia mapema, vikiwa vimejificha ndani ya askari wa damu. Haviui seli za kufikiri moja kwa moja. Huwasha askari wa ubongo, nao hutoa sumu inayoziumiza seli hizo.

Mwaka wa 1996 ukaleta habari njema: dawa kadhaa zikitumiwa pamoja ziliwainua watu waliokuwa kitandani. Sisi tulingoja. Mwaka wa 1999 Rais Moi alitangaza UKIMWI kuwa janga la kitaifa, na mwaka wa 2006 serikali ikatangaza kwamba dawa za ARV zitolewe bila malipo katika hospitali za umma. Ule ugonjwa mkali wa kupotewa na akili ukapungua sana. Lakini usahaulifu mdogo mdogo haukuisha. Hata mtu ambaye virusi vyake havionekani kwenye kipimo anaweza kubaki na moto wa chini chini mwilini.

Jirani zetu wa Uganda walisaidia kupata njia ya kuutambua. Mwaka wa 2005 kilitolewa kipimo kilichojaribiwa Kampala na Marekani, kisichohitaji mashine wala kusoma. Mgonjwa anaambiwa maneno manne: mbwa, kofia, haragwe, nyekundu. Kisha anagonganisha vidole haraka, anafanya mifuatano ya mkono, ngumi na kiganja, na mwishoni anaulizwa yale maneno manne. Kipimo hiki peke yake hakithibitishi ugonjwa. Humwonyesha mhudumu nani achunguzwe zaidi. Tafadhali usikifanye nyumbani kumwaibisha mtu.

Hapa ndipo historia zetu mbili zinapokutana. Watu walipoanza kuishi miaka mingi na virusi, sigara ikapata nafasi ya kufanya kazi yake. Mwaka wa 2013 ulichapishwa utafiti wa nchi nzima ya Denmark, ambako matibabu yamepangwa vizuri. Mtu wa miaka 35 mwenye virusi na anayevuta alihesabiwa kupoteza miaka 12.3 ya maisha kwa sababu ya sigara, na miaka 5.1 kwa sababu ya virusi. Tafakari hayo, mama. Dawa zikishavibana virusi, sigara ndiyo inayobaki kuua.

Na ubongo je? Moshi una hewa ya sumu inayochukua nafasi ya oksijeni katika damu, na ubongo hula oksijeni kwa wingi. Sigara huchakaza mishipa ya damu na kuifanya myembamba, hivyo huleta kiharusi. Virusi navyo vinaiumiza mishipa ileile. Ni moto juu ya moto. Tafiti nyingine zimewakuta wavutaji wenye virusi wakiwa wazito zaidi katika kujifunza na kukumbuka. Nyingine hazikuona tofauti kubwa. Lakini kuhusu mishipa na kiharusi hakuna ubishi.

Wavutaji wengi hutuambia, "Sista, sigara ndiyo inanipa akili." Anachosikia ni kiu ya nikotini ikitulia kwa muda. Baada ya saa moja au mbili kiu inarudi, na akili inahangaika tena.

Sasa wewe mlezi ufanye nini?

Kwanza, usimgombeze anayesahau. Funga dawa na jambo la kila siku, kama chai ya jioni au saa ya taarifa ya habari, na uweke alama kwenye kalenda kila anapomeza.

Pili, mweleze mhudumu wa CCC mambo mawili ambayo mara nyingi hayatajwi: kwamba anasahau, na kwamba anavuta. Kusahau kunaweza pia kuletwa na huzuni, pombe, upungufu wa damu au dawa fulani, na mengi ya hayo yanatibika.

Tatu, msaidie kuacha sigara. Mchague siku. Ondoeni viberiti na vibao vya majivu. Wiki za kwanza atakuwa mkali, mvumilie. Uliza kliniki kuhusu ushauri na dawa za nikotini, ambazo Shirika la Afya Duniani liliziweka kwenye orodha ya dawa muhimu mwaka wa 2009. Akianguka, aanze tena. Na asiache ARV hata siku moja.

Nne, asiyeweza kuacha leo avutie nje, mbali na watoto.

Ukiona mdomo umepinda, mkono au mguu wa upande mmoja umelegea, au kichwa kinauma sana pamoja na homa na kuchanganyikiwa, usingoje siku ya kliniki. Mpeleke hospitali saa hiyo.

Zamani tuliwaita wenye virusi waliorogwa kwa sababu hatukujua. Leo tunajua. Jioni hii akisahau tena, kabla hujasema neno kali, keti naye umwulize siku ngapi sasa amekuwa hivi, na anavuta sigara ngapi. Kisha mwende kliniki pamoja.