Akiba ya Alkali: Kipimo Kinachoitangulia Kalsiamu

Anayefuga matumbawe katika tangi la kioo nyumbani hujifunza mapema kupima kalsiamu, na ana sababu. Kiunzi cha matumbawe magumu ni kalsiamu kabonati, na kila lita ya maji ya bahari ya kawaida hubeba kalsiamu ya takriban miligramu 410 hadi 420. Matumbawe yakikua, kiasi hicho hupungua, na ndani ya tangi hakuna bahari ya kukirudisha. Hata hivyo, kalsiamu huchelewa kutoa habari. Habari ya mapema hutoka kwenye kipimo kingine, ambacho ni rahisi kukiita “ualkali”. Jina hilo naliona la kupotosha. “Akiba ya alkali” lingemfaa zaidi mfugaji.

Neno “ualkali”, kwa umbo lake, hutaja hali ya maji. Msomaji ataelewa kuwa ni kinyume cha uasidi, jambo ambalo hupimwa kwa pH. Lakini hapa kinachotafutwa ni kiasi: maji yanaweza kupokea asidi kiasi gani kabla pH haijaporomoka? Ndiyo maana mpimaji hudondosha asidi, tone baada ya tone, akihesabu mpaka rangi ya kiashiria igeuke. Katika maji ya bahari uwezo huo hutokana zaidi na bikabonati, kisha kabonati na borati. Nyumba ikifungwa madirisha huku watu wengi wakipumua ndani, hewa ukaa huingia majini na pH hushuka, ilhali kipimo hiki hakisogei. Aliyeambiwa, kwa sababu pH imeshuka, kwamba ualkali umepungua atatia magadi soda katika maji ambayo akiba yake imejaa. Akizidisha, kalsiamu kabonati itajitenga na maji na kuganda kuwa ukoko kwenye pampu na kipasha joto, na hapo hata kalsiamu aliyokuwa akiilinda imepotea. Kumbe ilitosha kufungua dirisha.

Hesabu ndiyo ushahidi mkubwa kwamba akiba hii huitangulia kalsiamu kutoa habari. Katika ujenzi wa kiunzi, kila ioni moja ya kalsiamu huondoka pamoja na bikabonati mbili. Kwa uwiano huo, zikitumika miligramu 20 za kalsiamu kwa lita, akiba ya alkali hushuka kwa digrii 2.8 hivi za kipimo cha Kijerumani, kile kinachoandikwa dKH. Tangi lililokuwa na kalsiamu 420 na dKH 8 litabaki na 400 na 5.2. Kalsiamu imepungua chini ya asilimia 5. Akiba imepungua asilimia 35. Na kwa kuwa baadhi ya vipimo vya nyumbani huruka miligramu 20 kwa kila tone, anguko lote hilo linaweza kufichika ndani ya tone moja la kipimo cha kalsiamu.

Atakayetetea “ualkali” kwa ufupi wake, ufupi huo haumsaidii anayeuchanganya na pH. Wapo pia watakaopenda “ugumu wa kabonati”, lakini ugumu wa maji shuleni ni habari ya kalsiamu na magnesiamu, kwa hiyo msomaji atadhani amekwisha kupima kalsiamu. Pingamizi zito zaidi ni kwamba bikabonati si alkali kali, na kwamba “uwezo wa kupokea asidi” ni sahihi zaidi. Ni kweli, na fasili ya kamusi ianze hivyo. Ila mfugaji anahitaji jina linalokubali vitenzi vya kazi yake: akiba huliwa, hupungua, hujazwa, huzidi.

Kalsiamu nayo isiachwe. Anayetia magadi peke yake anaweza kuiweka akiba kwenye dKH 8 kwa miezi huku kalsiamu ikiteremka polepole. Maji ya chokaa hurudisha vyote viwili kwa uwiano uleule ambao matumbawe huvichukua. Tangi likijaa matumbawe magumu, akiba ipimwe mara kadhaa kwa wiki. Kalsiamu mara moja yatosha, na magnesiamu, ambayo baharini ni karibu miligramu 1,300 kwa lita, inaweza kungoja zaidi.