Wasomaji Wanne, Mwisho Mmoja: Maoni ya Vijana kuhusu The Giver kama Uhakiki

Mtafiti wa fasihi ya watoto anapotaka maoni ya vijana kuhusu riwaya, kwa kawaida huwauliza mambo mawili: je, wameipenda, na je, wameielewa? Swali la kwanza huzaa majedwali ya mapendeleo, la pili huzaa alama za mtihani. Yote mawili yana mahali pake, ila yanashiriki kasoro moja: yanamchukulia msomaji kijana kuwa mtu wa kupimwa, si mtu wa kujadiliana naye. Makala hii inatetea swali la tatu, ambalo tunamuuliza mhakiki yeyote mtu mzima bila kusita: maoni haya yanaeleza sehemu ipi ya matini, na yanaacha ipi bila maelezo? Nitaonyesha kwamba maoni ya wasomaji wadogo yakiulizwa hivyo hujidhihirisha kuwa uhakiki, na kwamba hata maoni yanayodhaniwa kuwa ya haraka au ya kukata tamaa huwa yamejengwa juu ya ushahidi. Mfano ninaoutumia ni The Giver, riwaya ya Lois Lowry wa Marekani iliyochapishwa mwaka 1993 na kupata Nishani ya Newbery mwaka 1994. Inafaa kwa sababu mbili. Mwisho wake umewagawa wasomaji tangu ilipotoka, na mwandishi mwenyewe aliyatangaza hadharani baadhi ya maoni waliyomwandikia.

Riwaya hiyo ni ya kidistopia, yaani inasawiri jamii inayojitangaza kuwa kamilifu huku ukamilifu wake ukiwa ndio msiba wake. Jonas, mvulana wa miaka 12, anaishi katika jumuiya isiyojua njaa, vita wala ugomvi. Wazee ndio wanaopanga nani aoane na nani, kila nyumba ipewe watoto gani, na kila kijana afanye kazi ipi. Hali ya hewa imedhibitiwa, rangi zimeondolewa machoni pa watu, na ashiki huzimwa kwa kidonge cha kila asubuhi. Kumbukumbu za ulimwengu wa zamani amebebeshwa mtu mmoja, Mpokeaji, ili wengine wasiumie. Jonas anateuliwa kumrithi, na yule mzee, ambaye sasa anakuwa Mtoaji, anamrithisha kumbukumbu hizo kwa kumwekea mikono mgongoni: theluji, jua, Krismasi, kisha vita. Kilele kinafika pale Jonas anapoona, katika picha iliyorekodiwa, baba yake wa kupangiwa akimdunga sindano pacha mchanga kwa kosa la kuwa na uzito mdogo kuliko mwenzake, kisha akikitupa kile kiwiliwili kama taka. Hapo anajua kwamba “kuachiliwa”, kama jumuiya inavyokuita, ni kuuawa. Kwa kuwa kitoto Gabriel, kinacholelewa nyumbani kwao, kimepangiwa hatima hiyohiyo, anatoroka nacho kwa baiskeli. Baada ya siku nyingi, wakiwa wamedhoofika kwa njaa na baridi, anapanda kilima cha theluji, anakuta sleji, chombo cha kutelezea kwenye theluji, kikimngoja, na anateremka kuelekea kwenye taa na sauti za watu wanaoimba. Kama wanafika au hawafiki, riwaya haisemi.

Katika hotuba ya kupokea nishani mwaka 1994, Lowry aliwasomea wasikilizaji wake barua kadhaa za watoto kuhusu mwisho huo. Mmoja, wa darasa la sita, aliona kuwa safari ilikuwa ya mduara: Jonas alirudi kwenye jumuiya ileile, ila ilikuwa imekwisha kuzipokea kumbukumbu na hisia zake. Wa pili alimfananisha Jonas na Yesu, kwa kuwa alibeba maumivu ya wengine, na akaona kule alikofika kuwa kama mbinguni. Wa tatu alikiri kwamba wengi wangeuchukia mwisho ule, lakini yeye aliupenda kwa sababu ulimruhusu kuamua mwenyewe. Aliamua kwamba wamefika, na kwamba wamefika zamani, katika ulimwengu wetu sisi. Wa nne, mvulana wa darasa la saba, alishangaa na kusikitika kwamba mwandishi aliwaacha wafe, akaona angeweza kuwaacha hai. Lowry alihitimisha kwamba hakuna mwisho mmoja ulio sahihi kwa wote, na kwamba kila msomaji ana wake kwa kadiri ya imani na matumaini yake. Ni kauli ya ukarimu, lakini inawapunja waandishi wa barua hizo. Kama tofauti zao zinatokana na imani na matumaini tu, hakuna la kujadili zaidi ya kuwashukuru. Tukirudi kwenye matini, tunakuta kwamba kila mmoja wao alikuwa ameshika kitu.

Tuanze na yule wa darasa la saba, kwa kuwa maoni yake ndiyo mepesi kupuuzwa. Ushahidi wa kifo ni mzito kuliko watu wazima wengi wanavyokubali. Jonas na Gabriel hawana chakula, hawana mavazi ya baridi, na mwili wa mvulana unaanza kukosa nguvu. Sleji anayoikuta juu ya kilima inafanana na ile ya kumbukumbu ya kwanza kabisa aliyorithishwa, jambo linaloruhusu dhana kwamba tunasoma ndoto ya mtu anayeganda. Zaidi ya hayo, jumuiya imewazoesha watu kusema kwamba walioachiliwa huenda Kwingineko. Riwaya imetumia sura nyingi kumfundisha msomaji kutoyaamini maneno matamu ya jumuiya hiyo, na imemwonyesha kwa sindano na kiwiliwili cha mtoto kile kilichofichwa nyuma yake. Msomaji ambaye, Jonas anaposhika njia ya kwenda Kwingineko, anashuku kwamba huko ni kuzimu hajashindwa kusoma. Ametumia kwenye ukurasa wa mwisho somo ambalo riwaya yenyewe imempa. Linalobaki bila maelezo katika usomaji wake ni msisitizo wa matini, karibu na mwisho, kwamba anachokihisi Jonas kuhusu mahali pale si kumbukumbu dhaifu ya kurithi bali ni yake mwenyewe, ya kudumu. Hapo ndipo pa kumbana kwa hoja, na hapo ndipo angeweza kujibu.

Wengine watatu nao wanasimama juu ya ushahidi, ila wa namna tofauti. Msomaji wa mduara anaeleza jambo ambalo wenzake wanaliruka: katika aya ya mwisho Jonas anadhani anasikia muziki pia kutoka nyuma, kule alikotoka, ingawa huenda ni mwangwi. Jumuiya ile haikuwa na muziki. Ikiwa sasa unasikika huko, basi kumbukumbu zimewarudia watu, na hilo linaafikiana na kanuni iliyowekwa mapema katika kisa cha Rosemary, aliyeteuliwa kabla ya Jonas, ambaye alipoachiliwa kumbukumbu alizokwisha kuzipokea ziliwamwagikia watu wote. Kinachomkwamisha msomaji huyu ni theluji na vilima, vitu ambavyo jumuiya ilikwisha kuvifuta. Msomaji aliyemwona Yesu ameshika taa za rangi kwenye miti, kumbukumbu ya Krismasi ambayo Mtoaji aliipenda kuliko zote, na dhana ya mmoja kuteseka kwa niaba ya wengi. Lakini lazima aeleze kwa nini mkombozi huyu anawarudishia watu maumivu badala ya kuwaondolea. Na yule aliyeamua kuwa wamefika zamani ameona kwamba kila kitu Jonas anachokitamani kimetoka kwenye ulimwengu wa kale unaofanana na wetu. Upekee wake ni kwamba anajua anachokifanya: anatenganisha kile matini inachosema na kile anachokiamua yeye pale matini inaponyamaza. Wanafunzi wengi wa chuo kikuu hawajafika hapo.

Inaweza kudaiwa kwamba njia hii inaelekea kwenye kukubali kila kitu. Louise Rosenblatt, ambaye tangu Literature as Exploration ya mwaka 1938 alitetea nafasi ya msomaji katika kuiumba maana, alilijibu dai hilo kwa kusisitiza kwamba tafsiri kadhaa zinaweza kukubalika bila zote kuwa sawa kwa uzito: bora ni ile inayobeba sehemu kubwa zaidi ya matini bila kupingwa nayo. Chukua kijana anayeitetea jumuiya ya Jonas kwa kuwa haina njaa. Hoja yake haitoki hewani. Mtoaji mwenyewe anasimulia jinsi raia walivyowaomba Wazee waongeze idadi ya wanaozaliwa, naye akawashauri Wazee waache kwa sababu anaikumbuka njaa. Lakini kijana huyo hawezi kuishia hapo kabla hajatuambia anamfanyaje yule pacha aliyetupwa. Akisema kwamba bei hiyo inastahili kulipwa, amechukua msimamo mgumu unaoweza kujadiliwa. Akimsahau pacha, usomaji wake una pengo, na kumwambia hivyo ni kumheshimu. Kumsifu kwa kuwa eti kila maoni ni sahihi ni kumvika kilemba cha ukoka.

Pingamizi la pili linatokana na mwandishi. Lowry amewahi kusema kwamba anauona mwisho wa riwaya kuwa wenye matumaini na kwamba hawaoni Jonas na Gabriel kuwa wamekufa. Isitoshe, Messenger ya mwaka 2004 inamwonyesha Jonas akiwa hai na kiongozi wa kijiji, na Son ya mwaka 2012 inamleta Gabriel akiwa kijana. Je, mvulana wa darasa la saba hakukosea, basi? Hapana, kwa sababu mbili. Kwanza, alikuwa akisoma kitabu kilichoishia kwenye mteremko wa theluji, na hoja hupimwa kwa ushahidi uliokuwapo. Riwaya zilizofuata ni matini nyingine. Zinamfungia mlango anayesoma mfululizo mzima, lakini hazifuti utata ambao mwandishi aliuacha kwa makusudi katika kitabu cha kwanza. Pili, na hili ni muhimu zaidi, malalamiko ya mvulana yalielekezwa kwa mwandishi. Alijua kwamba mwisho ni uamuzi wa mtu, kwamba ungeweza kuwa mwingine, na kwamba msomaji ana haki ya kudai sababu. Kuitambua kazi ya mkono wa mwandishi nyuma ya hadithi ni hatua ya msingi katika uhakiki wa aina yoyote.

Pingamizi la tatu ni la kimbinu, na nalikubali kwa sehemu. Barua nne zilizoteuliwa na mwandishi kwa ajili ya hotuba ya sherehe si sampuli. Anayemwandikia mwandishi mara nyingi ni yule aliyeguswa, au aliyetumwa na mwalimu, na anayezichuja barua ni mtu mzima. Jacqueline Rose, katika kitabu chake cha mwaka 1984 kuhusu Peter Pan, alikwenda mbali zaidi: mtoto anayezungumziwa katika fasihi ya watoto ni kiumbe kilichobuniwa na matamanio ya watu wazima. Kwa hiyo barua hizi haziwezi kutuambia vijana wangapi wanauona mwisho kuwa kifo, wala makala hii haidai hivyo. Zinachothibitisha ni kwamba usomaji wa namna hii upo, na kwamba wasomaji wa darasa la sita na la saba wanaumudu. Kuthibitisha kuwapo kwa kitu hakuhitaji sampuli kubwa, kunahitaji mfano usiokanushika. Ama onyo la Rose, linazidi kuipa nguvu hoja yangu. Mtoto wa kubuni hustawi pale tunapomsemea, na hupungua pale sentensi alizoziandika zinapopimwa dhidi ya matini kama tunavyozipima sentensi za mhakiki.

Lipo pia pingamizi la wazazi na baadhi ya shule za Marekani, ambako The Giver iliingia katika orodha ya vitabu vilivyolalamikiwa zaidi katika miaka ya 1990, hasa kwa sababu ya mauaji ya mtoto mchanga na kifo cha kujitakia cha Rosemary. Hofu ni kwamba akili changa haiwezi kubeba giza hilo. Hakuna haja ya kudharau hofu hiyo, kwa kuwa watoto hawalingani, na mtu mzima aliye karibu na mtoto anajua mengi ambayo mtafiti hayajui. Hata hivyo, katika barua hizi hakuna anayelalamika kwamba ameonyeshwa uovu. Anayehuzunika anahuzunikia hatima ya wahusika aliowapenda, na anayefurahi anafurahia uhuru aliopewa. Badala ya kuzuia kitabu kwa kubashiri athari zake, mashaka ya mtu mzima yangetulizwa vizuri zaidi kwa kusikiliza kile hasa ambacho msomaji amekifanyia lile giza.

Hoja hii inawahusu pia wanaofundisha fasihi kwa Kiswahili. Uhakiki wa shule za sekondari umejengwa kwa muda mrefu juu ya kuorodhesha dhamira, migogoro, ujumbe na falsafa ya mwandishi, na mwanafunzi hupata alama kwa kuvitaja vilivyotarajiwa. Utaratibu huo una faida: unampa mwanafunzi istilahi na nidhamu ya kurejelea kazi. Udhaifu wake hujitokeza kwenye kazi yenye mwisho ulio wazi, kwa sababu hapo hakuna jibu la kutaja, na mwanafunzi mwenye hoja isiyotarajiwa hana pa kuiweka. Hatuhitaji kuubomoa. Inatosha kuongeza maswali mawili baada ya kila maoni: ni nini ndani ya kitabu kinachokuunga mkono, na ni nini kinachokupinga? Mvulana wa darasa la saba angekuwa na majibu mengi kwa swali la kwanza. La pili lingemrudisha kitabuni, na kumrudisha msomaji kitabuni akiwa na swali lake mwenyewe ndiyo kazi ambayo ufundishaji wa fasihi upo kuifanya.