Maji Hayavutwi

Baba aliuza ng'ombe wawili ili anunue ile pampu ya umeme. Aliinunua mwenyewe mjini Singida, kisha akamwita fundi aje kuifunga. Kisima chetu kilikuwa kipya, na maji yake yalikuwa mita 13 chini. Fundi aliiweka pampu juu ya zege, akashusha bomba, akalijaza maji, akawasha. Mota ikanguruma. Maji hayakutoka. Alifungua na kufunga upya mara tatu, na jua lilipoanza kuzama akasema, "Mzee, pampu ni nzima. Maji ndiyo yako mbali."

Baba alisikia kisingizio. Mbele ya majirani alimwambia kwamba ameiharibu pampu yake, akamnyima ujira. Mimi nilikuwa kidato cha sita, nasoma fizikia. Nilikaa kimya.

Miaka minne baadaye, chuoni, nilikutana na fundi mwingine, ndani ya kitabu cha Galileo cha mwaka 1638. Mhusika mmoja anasimulia jinsi alivyoona pampu imegoma, akadhani imeharibika, akamwita fundi. Fundi akamweleza kwamba kasoro haiko kwenye pampu. Maji yameshuka mno, na hakuna pampu ya aina ile itakayoyapandisha zaidi ya kiasi fulani. Kiasi hicho ni kama mita 10.

Galileo hakumbishia fundi, ila sababu aliyoitoa haikuwa sahihi. Alidhani maji yanayovutwa hukatika kwa uzito wake yenyewe, kama kamba ndefu inayoning'inia. Alifariki mwaka 1642. Evangelista Torricelli, aliyekuwa naye katika miezi yake ya mwisho, aliligeuza swali. Vipi kama pampu haivuti chochote?

Badala ya maji alichagua zebaki, ambayo ni nzito kuliko maji mara 13.6 hivi. Mrija wa kioo ulijazwa zebaki, ukazibwa kwa kidole, ukapinduliwa ndani ya bakuli la zebaki. Zebaki ilishuka kidogo, ikasimama kwenye sentimita 76. Juu yake palibaki ombwe, kitu ambacho wafuasi wa Aristotle walifundisha kwamba hakiwezekani. Katika barua ya mwaka 1644 Torricelli alieleza kwamba ombwe lile halikuwa na nguvu yoyote ya kuvuta. Uzito wa hewa ya nje ndio uliokandamiza zebaki ya bakuli na kuishikilia ile ya mrijani. Zidisha sentimita 76 kwa 13.6, unapata mita 10 na kidogo: kikomo kilekile cha yule fundi.

Kama hewa ina uzito, basi mlimani inapaswa kupungua. Blaise Pascal alimwomba shemeji yake, Florin Périer, alithibitishe hilo. Tarehe 19 Septemba 1648 Périer alipanda Puy de Dôme, nchini Ufaransa, na mrija wake. Kileleni zebaki ilisimama chini kwa takriban sentimita 8 kuliko bondeni.

Hapo nikakumbuka nyumbani. Singida iko kama mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Kwetu hewa haiwezi kusukuma maji hata mita 9, sembuse 13. Pampu iliyokaa juu huondoa hewa bombani tu. Kazi ya kupandisha maji hufanywa na hewa iliyo kisimani. Unapokunywa soda kwa mrija ni hivyohivyo. Dawa ilikuwa pampu inayozamishwa majini, iyasukume kutoka chini. Ile hailitegemei anga.

Likizo ilipofika nilimweleza baba yote, nikamchorea na mrija. Alisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza, "Na siku ile ulikuwa umeshasoma haya?"

Nilikuwa nimeyasoma. Mrija wa Torricelli niliwahi kuuchora kwenye mtihani, nikapewa alama zote.

Ujira wa fundi tuliutuma kwa simu wiki ileile. Alijibu kwa ujumbe mfupi, akashukuru, akasema jambo lile alishalisahau. Baba alinipa simu niusome. Sikuamini kwamba alisahau, na nadhani baba naye hakuamini.